Mwonja Maji wa Sumaku ya Kinondoni

Kabla hajawasha chochote, Bi Zuena Mwinjuma anaonja maji.

Ni alfajiri. Watu wanatoka msikitini, na nyuma ya jengo la taasisi moja ndogo ya utafiti wilayani Kinondoni, muuza maji Bakari ameegesha mkokoteni wake uliojaa madumu. Bi Zuena anafungua dumu la kwanza, anachota kwa kikombe cha plastiki, anapiga funda moja na kulizungusha mdomoni kama mtu anayesukutua. Anatikisa kichwa kukubali.

"Mwaga," anasema.

Bakari anamimina kwenye tangi. Dumu la pili linaonjwa, linamwagwa. La tatu analionja mara mbili, anakunja uso na kutema pembeni ya ukuta.

"Hili umelitoa wapi?"

"Palepale, Mama Najma. Bomba lilelile."

"Na dumu lenyewe jana lilikuwa kwa nani?"

Bakari anajikuna shingo. Jana, anasema, muuza samaki aliliazima mara moja tu. Bi Zuena hamgombezi. Dumu linarudishwa kwenye mkokoteni, maji yake yakaoshewe vyombo vya mama lishe wa nje ya geti, na kazi inaendelea.

Mpita njia angedhani kuna shughuli humo ndani, harusi au hitima, na huyu ndiye mpishi mkuu anayehakiki maji ya pilau. Sivyo. Maji haya hayanywewi na mtu yeyote. Yanakwenda kupoza sumaku.

Na msomaji asidhani ni ile sumaku ya kuokotea sindano. Iko nyuma ya mlango wenye kibao kinachokataza saa, funguo na pini za nywele, na mwandishi wa makala haya alilazimika kuvua hata mkanda wa suruali, akaingia ameishikilia kwa mkono. Ni pande la chuma linalomfika Bi Zuena kifuani, lenye midomo miwili inayotazamana, nafasi ya katikati haizidi vidole vitatu. Kila upande umezungushiwa nyaya nene za shaba. Umeme ukipita kwenye nyaya hizo zinapata moto, na vijibomba vyembamba vya maji vilivyolazwa kati yake ndivyo vinavyouondoa moto huo.

"Huyu mwali wangu," anasema Bi Zuena, huku akilipapasa lile pande la chuma ubavuni. "Hatoki nje, hapendi joto, na wageni waliovaa dhahabu hatuwakaribishi. Karibu, lakini usimguse."

Bi Zuena ana umri wa miaka arobaini na minane, ni mzaliwa wa Temeke, na kazi yake ni fundi sanifu wa maabara. Kwa maneno mepesi, yeye na mwanafizikia mmoja, Dokta Projestus, wanatumia sumaku hii na mawimbi ya redio kujua kama atomu zilizo ndani ya kitu kigumu zimetulia au zinatembea.

Zinatembea? Ndani ya kitu kigumu? Mwandishi aliuliza hivyohivyo, na Bi Zuena akacheka mpaka akashika kiuno.

"Kila mtu anauliza hivyo. Wewe ukiangalia jiwe, unaona limelala. Mie nakwambia halijalala. Lipashe moto kidogo uone. Kule ndani kuna vitu vinaruka kutoka hapa kwenda pale, na jiwe bado ni jiwe, ukijipiga nalo linakuumiza vilevile."

Namna ya kulijua hilo ameieleza mara nyingi kwa wageni, na ana njia yake. Tuseme akina mama wako kwenye foleni ya bomba, kila mmoja amesimama na ndoo yake hasogei. Huyu anasikia umbea wa jirani yake tu, yule anasikia umbea mwingine kabisa. Ukiwauliza habari za mtaa, kila mmoja atakupa yake. Sasa waanze kuzungukazunguka. Kila mmoja atapata kidogo kwa huyu na kidogo kwa yule, na ukiwauliza tena wote watakupa habari moja.

Atomu nazo, anasema, ziko hivyohivyo. Sumaku inazishika, mawimbi ya redio yanaziuliza, nazo zinajibu. Zikiwa zimekwama mahali pamoja, majibu yanatawanyika, na kalamu ya mashine inachora kilima kipana, kimelala. Zikianza kuruka, majibu yanakusanyika, na kilima kinakuwa chembamba na kirefu.

"Kwa hiyo mie sizioni atomu. Nasubiri kilima kisimame. Kikisimama, najua wameanza kutembea."

Kwa wengine hayo yanaweza kuonekana ni mambo ya kujifurahisha wasomi. Subirini kidogo, kuna lori linashuka mlima humu.

Bi Zuena alikulia chini ya meza ya redio. Baba yake, marehemu Mzee Mwinjuma, alikuwa fundi redio Tandika, na binti yake alianza kumsaidia kuzungusha nyaya nyembamba kwenye vibomba vya karatasi kabla hajaanza shule. Alipomaliza kidato cha nne akaenda kusomea ufundi umeme. Walikuwa wasichana wawili darasani, na mwenzake akaolewa kabla ya mtihani.

"Watu walikuwa wanamwambia baba, binti yako ataungua na umeme. Baba anawajibu, mbona nyie mnaungua na pombe ya ugimbi na hamsemi?"

Alipata kazi kwenye taasisi, na mwanzoni mwa miaka ya themanini sumaku ikaja kutoka Ulaya, msaada, imefungwa kwenye masanduku ya mbao. Dokta Projestus, mtu wa Bukoba, alikuwa amerudi masomoni karibuni. Wawili hao waliifungua, wakaiunga, wakaiwasha. Tangu hapo Bi Zuena amemwita mwali, na Dokta, ambaye kwao mambo ya mwali hayajulikani vizuri, ameshazoea.

Kisha zama zikabadilika. Miaka hii ya soko huria, taasisi imeambiwa ijitafutie. Chumba kimoja kimepangishwa kwa watu wa kutoa fotokopi, kingine kimekuwa darasa la kupiga chapa. Wafanyakazi wamepunguzwa mara mbili. Mshahara wa Bi Zuena, anasema mwenyewe kwa kicheko kikavu, "hauioni tarehe ishirini," na mama yake mzazi na bintiye Najma wanamtegemea.

Mwishoni mwa mwaka jana mkurugenzi wa taasisi, Bi Benedicta, aliwaita wote wawili ofisini. Hakuzunguka. Chumba cha sumaku kina mtu anayekitaka kwa kupanga, na sumaku yenyewe ina mnunuzi wa chuma chakavu. Mnunuzi alishakuja kuiangalia. Aligonga shaba kwa funguo zake siku mashine imewashwa, na funguo zikanaswa kwenye mdomo wa sumaku mpaka Bi Zuena alipozima. Alitoka akisema atarudi na mizani.

"Sina ugomvi na fizikia," Bi Benedicta anakumbuka alivyowaambia. "Nina ugomvi na jengo lisilojilipia. Nikasema, nionyesheni mtu mmoja huko nje anayehitaji kujua atomu zinatembea. Mmoja tu, kabla ya mwisho wa Machi. Mkishindwa, sumaku inakwenda, na fundi wake tutampa barua."

 Walipotoka, Bi Zuena akasema, "Mtu huyo yupo. Tumtafute."

Wakampata mtaa wa Keko. Anaitwa Khalfani, ana karakana ya kutengeneza bitana za breki za malori, vile vipande vinavyobana gurudumu lisimame. Gundi ya kuzishikanisha inatokana na mafuta ya maganda ya korosho, yanayopikwa mpaka yanakuwa magumu. Alikuwa na namna mbili za kupika, na tatizo lililomnyima usingizi: baadhi ya bitana zilikuwa zinalainika breki zikipata moto.

"Dereva wangu mmoja alishuka mlima kanyagio limezama hadi chini," anasimulia Khalfani. "Akaparamia tuta la mchanga, Mungu akamnusuru. Akaja karakana, hakutukana. Alinitazama tu. Ningefurahi angetukana."

Hakujua ni upishi upi uliokuwa mbaya. Ukivigusa vipande vyake, vyote ni vigumu sawasawa. Lakini kama kuna atomu zinazoanza kuruka mapema kwenye kimoja, hilo ndilo hasa swali la sumaku ya Kinondoni. Khalfani akakubali: mkinionyesha, kila nitakachopika nitakileta kwenu kipimwe, na nitalipia. Siku ikapangwa, baada ya Idi.

Hapo ndipo ukaja mwezi wa Ramadhani, na pamoja nao ukame. Mabwawa yalipungua maji, mgao wa umeme ukawa wa kila siku, na kwa mtaa huu umeme ulikuwa unakatika saa mbili asubuhi. Mabomba nayo yalikauka. Bi Zuena akawa anakuja alfajiri ili apate saa chache za kumwasha mwali na kufanya majaribio. Tangi lilikuwa linavuja kidogo, kila siku linahitaji kujazwa, na Bakari ndiye aliyekuwa mkombozi.

Sasa, kila mkazi wa Dar es Salaam anajua tofauti ya maji ya bomba na maji ya kisima. Visima vingi vya mjini vina chumvi. Sabuni haitoi povu, chai inakataa. Mtu hahitaji kifaa kuyajua, ulimi unatosha. Na Bi Zuena, tangu sumaku ilipofika, alikuwa hajawahi kuacha dumu lipite bila kulionja. Maji ya chumvi yakiingia kwenye vijibomba vile na kupata moto, yanaacha ukoko mweupe kama ule wa ndani ya birika. Vijibomba ni vyembamba, havihitaji safari nyingi kuziba.

Lakini alikuwa amefunga. Ramadhani zilizopita mabomba yalikuwa yanatoa, madumu hayakuhitajika.

"Nikawa nanusa," anasema. "Nanusa maji! Wewe umeshaona mtu ananusa chumvi? Nikamuuliza Bakari, haya ni ya bomba? Akasema ni ya bomba."

Bakari naye alikuwa amefunga. Bomba lake la siku zote lilikuwa limekauka, na mtu wa bomba jipya alimhakikishia kwamba maji yake ni baridi, hayana chumvi hata chembe. Mtu huyo, Bakari anaapa, hakuwa mwongo. Alikuwa amejaziwa tangi lake na gari la maji asubuhi hiyo, naye vilevile alikuwa na saumu yake, hakuyaonja.

"Watatu sie, wote tumefunga, na kila mmoja amemwamini mwenzake," anasema Bakari. "Hakuna aliyedanganya. Maji ndiyo yaliyotudanganya."

Walimimina maji hayo kwa siku kadhaa. Asubuhi moja, Dokta Projestus akiwa kwenye meza ya kalamu, Bi Zuena alisikia harufu. Si harufu ya kuungua hasa, anasema, ni kama rangi mpya iliyopigwa jua. Swichi ya kuzima mashine joto likizidi ilishakufa zamani, na kipuri chake hakipatikani. Aliweka kiganja ubavuni mwa sumaku, akakitoa haraka, akarukia swichi kubwa ya ukutani.

Pampu ilikuwa inanguruma, maji hayatoki upande wa pili. Alikwenda kwenye tangi, akachovya kidole. Saumu au si saumu, alikigusa ulimini, akatema papo hapo.

"Chumvi," anasema, na hata leo, miezi imepita, uso wake unabadilika. "Chumvi tupu. Nilikaa chini pale kwenye zege. Nikasema Zuena, umemuua mwali kwa mikono yako."

Dokta Projestus alimfuata nje. Anakiri kwamba wazo lake la kwanza halikuwa la kujivunia. Alimwambia watasema pampu imekufa. Mashine ni kuukuu, nani atabisha?

"Akanikatalia," anasema Dokta. "Akaniambia, Dokta, tukisema pampu, wataleta mtu wa pampu, na vijibomba vitabaki vimeziba. Tuseme ukweli ili tutengeneze kitu kilichoharibika."

Bi Zuena akapanda ngazi peke yake mpaka kwa mkurugenzi. "Shikamoo" hakusema, maana anamzidi Bi Benedicta umri kidogo, lakini anasema angeweza hata kumpigia magoti. Alimweleza yote: maji, saumu, harufu. Bi Benedicta alimsikiliza, akamuuliza kama siku iliyopangwa na Khalfani isogezwe.

"Hapana, Mama," Bi Zuena akajibu. "Nimeiharibu mie, nitaitengeneza mie. Siku ni ileile."

"Nilimwona amechanganyikiwa," anasema Bi Benedicta. "Lakini sikusogeza."

Ukoko wa namna ile unayeyushwa na uchachu. Dokta Projestus alitaka asidi ya limau, ile ya unga ya maabara, kwa sababu haili shaba. Akafungua kabati, kopo tupu. Kuagiza nje ni miezi. Akasimama pale ameshika kopo.

"Dokta," akasema Bi Zuena, "hiyo si ndiyo iliyo kwenye ndimu?"

"Ndiyo hiyo."

"Basi unaliangalia kopo la nini? Twende sokoni."

Wakacheka, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Dokta akapiga hesabu ya uchachu unaohitajika, akajaribu kwanza kwenye kipande cha bomba la shaba usiku kucha ili asije akamtoboa mwali, na Bi Zuena akarudi Temeke na gunia la ndimu.

Jioni hiyo, uani kwao, watu waliofunga walikaa wakikamua ndimu wakisubiri magharibi. Yeye, Najma na mama yake mzazi, Bi Lulu, mate yanawajaa midomoni, macho yanawatoka machozi, vidole vinawachoma. Katikati ya kazi ndipo alipomsimulia mama yake sawasawa ilivyokuwa.

Bi Lulu aliacha kukamua.

"Mwanangu, kwani mpishi anaonjaje chumvi ya futari?"

"Kwa ncha ya ulimi, anatema."

"Na saumu yake?"

Bi Zuena anasema aliiweka ndimu chini. Kila siku ya Ramadhani, tangu akiwa msichana, ameonja futari na kutema, na hakuna shehe aliyemwambia neno. Chakula cha watu alikionja. Maji ya sumaku hayakumjia akilini kabisa kwamba nayo ni kazi, na kazi ina haja yake.

"Mama akanicheka! Alicheka mpaka adhana ikamkuta. Na mie nilikuwa nalia, sijui ni ndimu au ni nini."

Siku zilizofuata zilikuwa za kusukuma. Ndimu iliyochujwa kwa kitambaa iliingizwa kwenye vijibomba, ikaachwa, ikatolewa. Ilitoka ya kijani, ina vipande vyeupe kama maganda ya yai. Ikaingizwa nyingine. Upande mmoja wa sumaku ulifunguka. Upande wa pili ukagoma. Bi Zuena alilala chali chini ya lile pande la chuma, mdomo wake kwenye bomba la mpira, akipuliza mpaka kichwa kikamzunguka, na kijibomba hakikujibu.

Aliyekuja na dawa ni Bakari. Tangu siku ya harufu alikuwa haondoki getini, anauza maji mchana, asubuhi na jioni yuko pale anauliza. Akaja na pampu anayojazia upepo magurudumu ya mkokoteni wake. Wakaifunga kwenye kijibomba kwa kipande cha tairi la ndani.

"Nikamwambia, Mama Najma, mie ndiye niliyeleta chumvi. Acha niitoe," anasema.

Alipampu. Dokta Projestus akashika bomba, Bi Zuena akaziba maungio kwa viganja. Kisha ukasikika mlio mdogo, na uchafu ukaruka kama risasi, ukampata Dokta kwenye shati jeupe alilovaa kwa mkutano. Hakuna aliyemwomba radhi, na yeye mwenyewe alikuwa anapiga makofi.

Ilibaki kumjazia mwali maji mazuri, na mabomba yalikuwa bado makavu. Bakari alitembea na mkokoteni mpaka alikopata bomba linalotoa, akasimama foleni na watu waliotaka kumpiga kwa wingi wa madumu yake. Idi ilikuwa imeshapita. Kila dumu lilionjwa, na safari hii Bakari alionja kwanza, Bi Zuena akafuata.

Siku ya Khalfani ikafika. Walianza alfajiri kwa sababu ya mgao. Khalfani alikuja na vipande vyake viwili vya gundi, kila kimoja kimewekwa kwenye kijichupa. Bi Benedicta alisimama karibu na mlango, mikono ameifunga kifuani, hereni ameziacha ofisini.

Bi Zuena aliwasha. Hakuangalia mita yoyote. Aliweka kiganja ubavuni mwa sumaku, kama mama anayempima homa mtoto, na kwa muda mrefu hakukitoa.

Kipande cha kwanza kiliingizwa kati ya ile midomo miwili. Kalamu ikachora kilima kipana, kimelala. Dokta Projestus akaanza kupuliza hewa ya moto, taratibu. Kilima kikabaki vilevile, kisha joto likiwa bado si kali, mtu angeweza hata kukishika kile kijichupa kwa kitambaa, kalamu ikaanza kupanda. Kilima kikasimama, chembamba, kirefu.

"Wameanza," akasema Bi Zuena.

Khalfani alisogea mpaka pua yake ikakaribia karatasi. "Wanatembea? Na gundi bado ngumu?"

"Bado ngumu kwa mkono wako. Kwa breki inayoshuka mlima, imeshaanza kulegea."

Kikaingizwa kipande cha pili. Kilima kipana. Joto likaongezwa, kilima kilekile. Likaongezwa, kilekile. Walipita pale ambapo cha kwanza kilisimama, wakaendelea mbele, na kalamu inarudia kilima kimoja kama mtu asiye na habari mpya. Ukutani saa ilikuwa inakimbilia saa mbili.

"Mbona hakuna kitu?" Bi Benedicta akauliza. "Imeharibika tena?"

Dokta Projestus alimgeukia Bi Zuena. Kiganja chake kilikuwa palepale ubavuni.

"Mwali amepoa," akasema. "Hajaharibika. Hakuna kitu ndiyo habari yenyewe, Mama. Hao hawajaanza kutembea. Dokta, ongeza."

Dokta akaongeza. Akaongeza tena. Harufu ya korosho iliyoungua ikajaa chumba, na Khalfani alikuwa ameshika kichwa kwa mikono yote miwili. Halafu, joto likiwa karibu maradufu ya lile la kwanza, kalamu ikatetemeka, ikapanda.

Khalfani hakushangilia. Alikaa kwenye stuli, akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo ni ule upishi wa kwanza. Ule ndio uliotaka kumuua dereva wangu."

"Ndiyo huo," akajibu Dokta.

"Naacha leo."

Umeme ukakatika, pampu ikanyamaza, na katika kimya kile Bi Benedicta akafungua mikono yake. "Mwambieni yule wa mizani asije," akasema, akatoka kwenda kutafuta hereni zake.

Mambo hayajaisha, na Bi Zuena hapendi mtu aandike kana kwamba yamekwisha. Chumba cha sumaku kimeachwa kwa mwaka mmoja, kisha kitatazamwa upya. Khalfani analeta vipande kila anapopika, na mwenzake mmoja wa viatu vya mpira ameanza kuulizia. Barua ya kumwachisha kazi Bi Zuena haikuandikwa. Haikuchanwa pia, kwa sababu haikuwapo, na inaweza kuandikwa wakati wowote.

Mpango wake ni mvua. Anaonyesha paa la taasisi, bati refu lililoinama upande mmoja, na mahali anapotaka kupitisha mfereji wa bati mpaka kwenye tangi jipya. Maji ya mvua hayana chumvi wala hayataki foleni. Mabati ameshaahidiwa na Khalfani, Bakari amejitolea kuchimba msingi wa tangi, na anataka kazi iwe imekwisha kabla ya vuli.

"Vuli ikinikuta na mfereji, hata wakija na mizani kumi watamkuta mwali amepoa."

Na Ramadhani ijayo?

Anacheka. Dokta Projestus, anasema, amejitolea kuonja kwa niaba yake mwezi mzima, na Bakari amependekeza waajiri mtu wa kanisani kwa kazi hiyo tu. Amewashukuru, amewakatalia wote wawili.

Nje saa mbili inakaribia, na umeme utakatika sasa hivi. Bakari amerudi na dumu moja la kufidia lile la muuza samaki. Bi Zuena anachota, anaonja kwa ncha ya ulimi tu, anatema vizuri pembeni ya ukuta, na kujifuta midomo kwa upande wa khanga.

"Nafanya mazoezi," anasema. Kisha anamgeukia Bakari. "Mwaga."